Herufi ndani ya chipu: Sarufi tunayofunzwa na osiloskopu kuukuu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kuniona nikijadili ngeli, methali na upatanisho wa kisarufi. Wiki hii nawaomba tuingie karakana. Nataka tuzungumzie maandishi madogo yanayojitokeza juu na chini ya skrini ya kifaa cha kupimia umeme, namna yalivyobuniwa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na kile ambacho mpenzi wa lugha anaweza kujifunza kutokana nayo. Anayedhani kwamba hili ni suala la wahandisi pekee na avute subira. Mashine inapoanza kuandika, imekwisha kuingia katika uwanja wetu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Osiloskopu ni chombo kinachochora umeme. Mita ya kawaida ya fundi hukupa nambari moja tu: volti 12, volti 240, basi. Osiloskopu hukuonyesha umeme huo ukipanda na kushuka kadiri muda unavyosonga, mithili ya mchoro wa mapigo ya moyo tunaouona hospitalini. Waliofanya mtihani wa fizikia wa KCSE wanaikumbuka kwa jina CRO. Asili yake ni neli ya kioo aliyoibuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mnamo 1897. Mwali wa elektroni hurushwa kutoka nyuma ya neli, hupindishwa huku na huko kwa nguvu za umeme, na unapogonga kioo cha mbele kilichopakwa kemikali, mahali pale hung’aa. Ukiupeleka mwali huo kutoka kushoto hadi kulia huku umeme unaoupima ukiupandisha na kuushusha, wimbi linajichora lenyewe.

Juu ya kioo hicho huchorwa miraba, ili mtumiaji ahesabu wimbi limepanda miraba mingapi. Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Mraba hauna maana peke yake. Unaweza kuwa volti 5 au sehemu ya elfu ya volti 5, kutegemea swichi imezungushwa hadi wapi. Kwa miongo mingi, mtumiaji alilazimika kutazama wimbi kwenye kioo, kisha atazame swichi, kisha azidishe kichwani. Aliyepiga picha ya wimbi hilo ili aihifadhi alilazimika kuandika vipimo kwa kalamu nyuma ya picha. Akisahau, picha yake inabaki kuwa mlima usio na urefu.

Mkulima wa majani chai hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Anapopeleka majani yake kituoni, jicho lake li kwenye skrini ya mizani ya kielektroniki. Anajua tofauti ya 12.5 na 125. Anajua pia kwamba nambari ile haina thamani mpaka ajue ni ya nini: kilo za majani pamoja na gunia au bila gunia? Nambari isiyo na kizio ni kauli isiyokamilika, na kauli isiyokamilika humpa mjanja nafasi.

Majuzi nilikuwa Silibwet, katika kaunti ya Bomet, si mbali na Hospitali ya Tenwek. Hapo nikakaribishwa katika karakana ya fundi mmoja wa makamo anayetengeneza redio, vikuza sauti na bodi za mizani. Baada ya “Chamgei” na chai ya maziwa, alinionyesha osiloskopu mbili alizonunua kwa mkono wa pili. Ya kwanza ni ya zamani sana na haiandiki chochote. Ya pili huandika vipimo vyake kwenye kioo. Nilimuuliza kama tofauti hiyo ni kubwa hivyo.

“Prof, hii moja bila maandishi itakudanganya mchana peupe,” akaniambia. “Kijana wangu alipima hapa akaona volti mbili. Akaniambia, ‘Mzee, ni mbili tu, hakuna shida.’ Kumbe probu ilikuwa ile ya mara kumi! Ilikuwa ishirini. Akaunganisha, bodi ya watu ikaungua, na nikalipa mimi.”

Probu ni ule waya wenye ncha ambao fundi hugusisha mahali anapopima. Probu ya mara kumi huupunguza umeme hadi sehemu yake ya kumi kabla haujafika kwenye mashine, ili saketi inayopimwa isisumbuliwe sana na kipimo chenyewe. Kwa hiyo anayesoma kioo sharti akumbuke kuzidisha kwa kumi. Mwanagenzi yule alisoma vizuri alichokiona. Hakukosea hesabu wala hakufumba macho. Kilichokosekana ni neno moja ambalo mashine haikuwa na uwezo wa kulisema.

Wazo la kushonesha

Kampuni iliyolishughulikia tatizo hili kwa namna ya kukumbukwa ni Tektronix, iliyoanzishwa mwaka wa 1946 katika jimbo la Oregon, Marekani. Mnamo 1969 ilizindua osiloskopu za jamii ya 7000. Hizi zilikuwa na visanduku vya kuchomeka: unachomoa kisanduku cha kazi moja na kuchomeka cha kazi nyingine, huku mwili wa mashine ukibaki uleule. Jipya lililowashangaza watu ni kwamba vipimo viliandikwa kwenye kioo chenyewe, kwa mwali uleule uliochora wimbi. Ukipiga picha, maandishi yamo. Ukichomeka probu ya mara kumi, mashine huitambua kwa rizista ndogo iliyofichwa katika kiunganishi cha probu, kisha hubadilisha maandishi yenyewe. Kijana wa Silibwet angeona 20 bila kuambiwa na mtu.

Aliyeusanifu mfumo huo ni Barrie Gilbert, Mwingereza aliyezaliwa Bournemouth mwaka wa 1937, akahamia Tektronix mnamo 1964, na akaja kuheshimiwa duniani kote kwa saketi za transista zinazobeba jina lake. Alifariki mwaka wa 2020. Swali lililomkabili linaonekana dogo leo: utaiwezeshaje mashine kuandika herufi? Simu iliyo mfukoni mwako ina kumbukumbu inayohifadhi sura ya maelfu ya herufi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kumbukumbu ya aina hiyo ilikuwa ghali na ya kutatiza. Saketi zilizounganishwa katika kipande kimoja cha silikoni zilikuwa na umri wa takriban miaka kumi tu, tangu kazi za Jack Kilby mwaka wa 1958 na Robert Noyce mwaka wa 1959. Sokoni hapakuwa na chipu ya kuandika herufi ambayo ingemfaa.

Gilbert na wenzake wakaamua kuzitengeneza wenyewe. Hapa tunakutana na dhana ambayo Kiswahili kinaweza kuieleza vizuri kuliko lugha nyingi. Sisi tunatofautisha nguo ya dukani na nguo ya kushonesha. Ya dukani imeshonwa kwa ajili ya yeyote anayeweza kuenea. Ya kushonesha hupimwa kwa mwili wako, nayo hukukaa barabara, ila ikichanika huwezi kurudi dukani kutafuta nyingine. Chipu za Gilbert zilikuwa saketi za kushonesha. Tektronix ilizitengeneza kwa ajili ya mashine zake tu, ikazipa nambari zake zenyewe zinazoanza na 155. Moja ilitoa mapigo ya kupangia zamu, nyingine ikateua kisanduku cha kusikilizwa, nyingine ikashughulikia sifuri, na tano zikachora alama: moja ya tarakimu, moja ya alama kama vile jumlisha na mkwaju, moja ya viambishi vya vipimo, na mbili za herufi. Kila moja kati ya hizo tano ilikuwa na nafasi ya alama kumi.

Je, chipu huchoraje herufi bila kumbukumbu? Fikiria mtoto anayejifunza kuandika N. Anaweka kalamu chini kushoto, anapanda, anashuka kwa mshazari, anapanda tena. Akishajua nukta nne za kupitia, herufi imekamilika. Ndani ya chipu, kila nukta ya herufi iliwakilishwa na transista. Ukubwa wa sehemu ya transista hiyo iitwayo emita ndio uliopanga mkondo wa umeme utakaokwenda upande wa kuuvuta mwali juu na chini, na ule utakaokwenda upande wa kushoto na kulia. Emita kubwa, mkondo mkubwa. Emita ndogo, mkondo mdogo. Umeme ulipohamishwa polepole kutoka transista moja hadi inayofuata, mwali nao ulisafiri polepole kutoka nukta hadi nukta, na mstari ukachorwa. Kwa hivyo sura ya herufi haikuandikwa mahali popote kama orodha ya nambari. Ilichongwa katika umbo la silikoni, jinsi fundi wa Lamu anavyochonga ua kwenye mlango wa mvule. Ukitazama chipu hiyo kwa hadubini, unachokitazama ni mwandiko.

Ili wimbi lisipotee, mashine iliukopa mwali kwa muda mfupi mno, ikaandika herufi moja, ikaurudisha. Jicho la binadamu halioni wizi huo. Linaona wimbi na maandishi vikikaa pamoja kwa amani.

Sarufi ya zamu kumi

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niyalete haya katika ukurasa wa lugha. Kisanduku kinachopima kilizungumza na mwili wa mashine kwa kila chaneli kupitia nyaya mbili za ujumbe. Waya mmoja ulitaja safu ya mlalo, mwingine safu ya wima, kama mwalimu anavyomwita mwanafunzi kwa kutaja mstari na dawati. Kutaja kwenyewe kulifanywa kwa kiasi cha mkondo, katika hatua za maikroampia 100. Mkondo wa hatua mbili kwenye waya wa kwanza na hatua tano kwenye waya wa pili ulimaanisha alama fulani katika jedwali. Neno zima lilijengwa kwa zamu kumi. Mashine iliita “moja”, kisanduku kikajibu, ikaita “mbili”, kikajibu, hadi kumi. Kila zamu ilikuwa na wajibu wake, na hakuna iliyoruhusiwa kuvamia wajibu wa nyingine.

Zamu ya kwanza haikuandika kitu kwenye kioo, bali ilibeba amri kuhusu ukubwa: ongeza sifuri kadhaa, au badilisha kiambishi. Ya pili ilionyesha kama wimbi limepinduliwa. Ya tatu ilitoa alama ya tahadhari pale ambapo mtumiaji ameigusa swichi inayoharibu usahihi wa kipimo. Ya nne ilileta tarakimu: 1, 2 au 5. Ya tano hadi ya saba ziliachwa wazi ili sifuri zipate mahali pa kukaa. Ya nane ilikuwa ya kiambishi, kama vile m ya mili. Ya tisa na ya kumi zilikuwa za kizio chenyewe, kama vile V ya volti.

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili ataitambua mara moja sura hii. Chukua kitenzi “alimpigia”. Kina a- ya nafsi, -li- ya wakati, -m- ya mtendewa, -pig- ambayo ni mzizi, -i- ya kutendea, na -a ya kumalizia. Kila mofimu ina kiti chake. Huwezi kusema “limapigia” ukatarajia kueleweka. Tena viti vingine vinaweza kubaki vitupu bila kitenzi kuvunjika: “alipiga” hakina mtendewa wala kauli ya kutendea, nacho ni kitenzi kamili. Mashine ya Gilbert ilikuwa na sarufi ya aina hiyo hiyo, ya viti vilivyopangwa, ambapo maana hutokana na kilichokaa na mahali kilipokaa.

Ile zamu ya kwanza isiyoandika kitu ndiyo inayonivutia zaidi. Katika isimu tuna dhana ya mofu kapa, yaani mofu isiyosikika wala kuandikwa lakini inayofanya kazi. Tunasema “debe” na “madebe”, “duka” na “maduka”. Wingi una ma-. Umoja hauna sauti yoyote, ila utupu huo ndio unaotuambia kwamba ni kimoja. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huninung’unikia kila ninapoifundisha: “Prof, tutaionaje kitu ambayo haiko?” Basi hapa pana jibu la kushikika. Chukua kisanduku kilichowekwa kwenye 500mV kwa kila mraba. Sasa chomeka probu ya mara kumi. Kioo kinaandika 5V. Sifuri mbili zimetoweka, m imedondoka, ilhali hakuna aliyegusa swichi. Kilichobadilika ni amri katika zamu isiyoonekana, na ile chipu ya sifuri ikafanya marekebisho yote yaliyobaki, jinsi ngeli ya nomino inavyobadilisha kivumishi na kitenzi kinachofuata. Kisichoonekana ndicho kilichotawala sentensi nzima.

Kauli moja nzima ya Kiingereza ilikuwa imefungwa ndani ya mashine tangu kiwandani. Probu zilizofaa zilikuwa na kitufe. Ukiwa na nyaya nne mezani na hujui ipi inachora wimbi lipi, ulibonyeza kitufe cha mojawapo, na mahali pa kipimo chake pakajiandika IDENTIFY. Herufi nane, zinazoenea katika nafasi kumi. Nimejiuliza angeandika nini msanifu anayefikiri kwa Kiswahili. Tafsiri ya kamusi ni TAMBUA. Lakini anayetamka pale ni probu, na kinachohitajika ni kujitambulisha. Kiswahili kina neno moja la herufi tano linaloifanya kazi hiyo kikamilifu: NDIMI. Herufi zake zote zilikuwamo: N, D na I katika neno IDENTIFY lenyewe, na M ya mega katika viambishi. Tena ndimi ni wingi wa ulimi. Sijui neno jingine ambalo lingefaa zaidi kwa mashine iliyopewa uwezo wa kusema.

Kosa lisilofutika

Kuchonga herufi katika silikoni kuna gharama yake. Muda kwenye mashine hizi uliandikwa kwa S kubwa: mS, µS, nS. Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, unataka sekunde iandikwe kwa s ndogo. Tena mwaka wa 1971, miaka miwili baada ya mashine hizi kuzinduliwa, S kubwa ilipewa kazi nyingine rasmi: kizio kiitwacho siemens, kinachopima wepesi wa kitu kupitisha umeme. Tangu siku hiyo, mS ya kioo hicho ikisomwa kwa kufuata kanuni ni milisiemens. Wahandisi hawakupotea, kwa sababu muktadha uliwasaidia. Hata hivyo, herufi haikuweza kurekebishwa kwa kalamu. Kosa la kitabu husahihishwa katika toleo la pili. Kosa la chipu huishi maadamu chipu inaishi.

Uchache wa nafasi unatufunza jingine. Nafasi 50 tu, kwa tarakimu, alama, viambishi na herufi zote. Kiswahili sanifu, chenye othografia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia 1930, kingeenea humo kwa sababu hakitumii alama juu ya herufi. Hata ng’ inahitaji ritifaa tu. Gĩkũyũ kisingeenea, kwani bila ĩ na ũ maneno yake hugongana. Na hadi leo kibodi nyingi zinawalazimisha waandishi wake kuziacha alama hizo. Kiswahili cha hati za Kiarabu, kile kilichohifadhi tendi za Pate na Lamu, kisingekaribia kabisa, maana herufi za Kiarabu hushikana na kubadilika sura kutegemea jirani zake. Kipsigis kinachozungumzwa Silibwet kingeandikika, lakini maandishi yake ya kawaida hayaonyeshi toni wala tofauti zote za irabu, na mzawa ndiye anayezijazia kichwani. Kila anayesanifu chombo cha kuandikia huamua, apende asipende, ni lugha zipi zitakazopita mlangoni bila kuinama.

Istilahi zisizo na spea

Nilimuuliza yule fundi angefanya nini iwapo moja ya chipu hizo ingekufa. Akacheka. “Hizo aisii hazina spea, Prof. Luthuli yote nimezunguka. Mpaka upate mashine nyingine imekufa, utoe kwayo uweke hapa.” Ndivyo ilivyo kwa saketi za kushonesha duniani kote. Mtengenezaji ni mmoja, mtumiaji ni mmoja, na uzalishaji ukikoma hakuna dukani pa kukimbilia. Chipu ya vizio ikifa, tarakimu na kiambishi hubaki. Kioo kitaandika 5m, halafu kinyamaze. Tano m nini? Miaka ya 1980, osiloskopu zilipoanza kuendeshwa kwa vichakataji na kumbukumbu za kidijitali, sura za herufi zikawa data, na ile kazi ya kuchonga ikafikia mwisho.

Nawaombeni tulitazame zoezi letu la kuunda istilahi kwa mwanga huo. Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990, kazi kubwa imefanywa. Lakini istilahi zetu nyingi ni za kushonesha: zimepimwa kwa mwili wa warsha moja, kamusi moja au tasnifu moja, na nje ya hapo hazina pa kutumika. Kompyuta huitwa kompyuta Dar es Salaam, tarakilishi katika madarasa ya Kenya, na wapo walioipa jina ngamizi. Saketi za kipande kimoja cha silikoni kuna wanaoziita saketi unganishi, wengine saketi jumuishi, na katika karakana zote nilizowahi kuingia ni chipu au aisii. Mwanafunzi aliyekariri istilahi ya kamusi moja akihamia kitabu kingine, anakuta spea haiingii.

Sipingi ubunifu. Sheikh Ahmed Nabhany alituonyesha kwamba neno linaweza kuchotwa katika lahaja za pwani likapewa kazi mpya, na “runinga” likaingia katika taarifa za habari na vitabu vya shule. Siri ya neno hilo ni kwamba lilipata watumiaji. Neno hupata uhai kwa kutumiwa na wengi, jinsi chipu ya dukani inavyopatikana kwa sababu maelfu wanainunua.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, istilahi za ufundi zianzie karakana. Watunga kamusi waende Luthuli, Gikomba, Kariakoo na Silibwet wakaandike yale ambayo mafundi wanasema tayari: probu, spea, kulehemu, kufa kwa aisii. Pale ambapo neno la fundi ni fupi, wazi na linakubali viambishi vyetu, lisanifishwe lilivyo. Pili, pale ambapo dhana haina jina, tutafute picha iliyo ndani ya maisha yetu kabla ya kubandika mizizi miwili isiyofahamiana. “Saketi ya kushonesha” ni pendekezo langu la leo. Ukimwambia fundi yeyote neno hilo, atajua papo hapo kwa nini hakuna spea.

Tatu, na hili nawalenga walimu wa fizikia na wa Kiswahili kwa pamoja, tufundishe vizio kama sarufi. Katika kaunti za Kericho na Bomet wapo vijana wengi wanaojifunza ufundi wa umeme kwa Kiingereza cha vitabu, Kiswahili cha mteja na Kipsigis cha nyumbani, na mara nyingi hesabu inapotea njiani kati ya lugha hizo tatu. Mwanafunzi akiandika “volteji ni 20” akaachia hapo, mwalimu wa fizikia humnyima alama. Mwalimu wa Kiswahili naye ana sababu ya kumrudisha, kwa kuwa ameacha kiti kitupu mahali ambapo sarufi ilihitaji mkaaji. Ishirini nini? Akilizoea swali hilo katika somo la lugha, atajiuliza mwenyewe siku atakaposhika probu, kabla ya kuunganisha waya.